Neno la Mama Mlangoni

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Na macho je? Yale matone unayatia, au chupa imekaa dirishani kama pambo? Mimi mzima, ila leo kiti kinanichoma.

Kampuni yetu inachapa upya ile riwaya uliyoipanga wewe kwa mkono, herufi kwa herufi, ulipokuwa mpanga herufi hapa hapa, kabla sijazaliwa. Na mhariri ni mimi! Tatizo ni bosi wetu, tunayemwita Mkasi. Amehesabu "basi" mia mbili na kumi na mbili humo ndani, anataka nizifyeke zibaki ishirini. Wewe ulizishika zote kwa vidole vyako. Ni za bure kweli?

Mwanao,
Kidomo

11 Machi

Mwanangu Kidomo,

Marahaba. Macho yanasoma nikisogeza karatasi puani. Matone natia, acha uchokozi wako.

Za bure! Mwambie huyo Mkasi akakate kucha zake. Fungua sura ya pili: mtoto ameungua kidole, mama anambembeleza, "Basi, basi, basi." Ukitoa mbili, mtoto hanyamazi. Sura ya tano anamfukuza mchumba tajiri kwa moja tu, kavu, na jamaa anaokota kofia yake. Kwa muuza nguo anasema, "Basi nipe hiyo," na bei imeshashuka. Halafu mwanawe anapoondoka kwa hasira: "Basi nenda." Hapo niliacha kazi nikaenda kunawa uso. Usiguse hata moja!

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo ya mbiombio. U mzima? Barua yako nimeisoma kwa sauti ofisini, dereva akasahau chai yake.

Kikao cha kuamua ni tarehe 2 Aprili. Nimemwambia Mkasi kwamba zote zinaelekea kwenye ile ya mwisho. Mwana amerudi baada ya miaka, kasimama mlangoni, anaanza kujieleza, na "Mama akasema: Basi." Kitabu kimekwisha! Nikamwambia akinionyesha kwamba mwandishi hakulikusudia neno lile, nafyeka zote na kiti changu namwachia. Nina hamu kikao kifike!

Mwanao,
Kidomo

25 Machi

Kidomo, mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi mwili haujambo, moyo ndio mgonjwa. Kiti chako usingekiweka rehani.

Ile ya mwisho ni yangu.

Siku ile mtambo ulikuwa unasubiri. Nilifuta wino mikononi kwa karatasi nikidhani ni takataka, kumbe ndiyo karatasi ya mwisho ya mswada. Maneno yote ya mama pale mlangoni yakawa madoa ya wino. Nilibaki na "Mama akasema:" tu. Mwandishi alikuwa safarini, msimamizi ananifokea. Vidole vyangu vilikuwa vimeokota "basi" mwezi mzima, vikaokota moja tena. Ile karatasi nikaichoma.

Nakala ya majaribio ilipelekwa kwa mwandishi aliporejea, ikarudi, msimamizi akasema chapa. Sikuthubutu kuuliza. Miaka thelathini na minane nimenyamaza, hata marehemu mama yako sikumwambia. Nisamehe. Mwambie Mkasi ukweli.

Baba yako

4 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Hujambo? Kaa chini kwanza, vaa miwani.

Barua yako nimeipata. Nililia, nikakukasirikia, kisha nikamweleza Mkasi yote kabla ya kikao. Akachukua ufunguo wa stoo ya nakala za zamani. Tulipekua asubuhi nzima hadi tukapiga chafya, tukakuta nakala ya majaribio imefungwa kwa uzi. Kwenye ukurasa wa mwisho, pembeni, kuna maandishi ya mwandishi kwa penseli. Nakunakilia kama ilivyo:

"Hapa niliandika mistari kumi na moja. Mpanga herufi ameweka neno moja. Yangu ilikuwa hotuba. Huyu amemsikia mama. Liacheni, na mumpe shukrani zangu."

Hawakukupa, Baba! Miaka yote hiyo, shukrani zako zimelala stoo!

Mkasi alisoma mara tatu, akaivua miwani yake akaipangusa. Hafyeki hata moja, na kiti changu kiko palepale. Na jina lako linaingia ukurasa wa kwanza, chini ya la mwandishi.

Nakuja Jumamosi na ukurasa wenyewe. Nikibisha, ufungue wewe. Na ukianza tu kuniomba radhi pale mlangoni, nitakujibu kama yule mama.

Mwanao,
Kidomo