Nilinyonya Betri ya Gari la Baba Mkwe

Mama Daphrose mpendwa, nakuomba unisaidie, na kama itabidi ucheke kwanza basi cheka, mi mwenyewe ningecheka kama mambo haya yangempata mtu mwingine. Majina nimeyabadili yote, ila upumbavu ni wangu halisi, huo sikuubadili.

Mimi ni kijana wa mtaa wa Mutakura, kazi yangu ni kupiga video za harusi na za dot, zile sherehe za mahari, na tangu mwaka juzi nina droni, ile kamera inayoruka, na siku niliyoipata nilibadilika hata namna ya kutembea, nikawa najitambulisha kwa watu eti mi ni piloti, mama yangu akaliambia kanisa zima kwamba mwanawe anarusha ndege. Jambo ambalo piloti huyu hakulifikiria ni kwamba betri moja ya droni inaruka dakika ishirini na kitu tu, halafu inataka umeme, na dot za kwetu unazijua, msemaji wa upande wa mvulana anasimama, anaanza na salamu, anazunguka kwenye mvua na mavuno na afya ya ng'ombe, msemaji wa upande wa binti anajifanya hajui kabisa wageni wamefuata nini, saa tatu zinapita, binti bado yuko chumbani, na mi nimeshamaliza betri zote kwa kupiga picha mabati ya majirani. Mwezi wa tatu binti wa watu alitoka akiwa amependeza kupita kiasi na droni yangu iko chini imekufa, nikaona aibu, nikainyanyua kwa mkono juu ya kichwa nikakimbia nayo kuzunguka uwanja kama vile inaruka, na kamera yenyewe haikuwaka, Mama, nilikuwa nakimbia na plastiki.

Basi nikaanza kutafuta umeme wa kubeba. Jenereta ndogo ipo nyumbani, lakini esansi, petroli ya kuitia, ndiyo hiyo unayoijua, watu wanailalia foleni. Nikapata paneli ya sola ya kukunja, nikaitandaza juu ya viti viwili uani kwenye sherehe, siku hiyo mawingu, na lile jua kidogo lilipochomoza shangazi wa bi harusi alikuwa ameshadhani ni meza, amepanga juu yake sahani za pilau. Nikajaribu pawabanki ya simu, niliunganisha asubuhi na mpaka mchana betri ilikuwa na taa moja kati ya nne. Umeme wa nyumba yenye sherehe, ukiwepo, soketi ni moja na ina friji ya bia, na wewe jaribu kuchomoa friji ya bia kwenye dot uone.

Sasa nina mchumba, Orlane, binti wa Kanyosha, na baba yake ni Mzee Népomuscène, mstaafu wa wizara, mtu wa suruali yenye pasi hata akiwa anamwagilia mchicha, ana Toyota yake nyeupe ya zamani imeegeshwa chini ya kibanda, na kwenye tenki amebakiza esansi kidogo sana, ile ya kumfikisha stasio ya mafuta tu siku lori la mafuta litakapokuja, kwa hiyo wiki zote hizo hakuna aliyeruhusiwa hata kuliwasha gari. Mi nikalitazama lile gari, nikajiuliza, gari lisilotembea linataka betri ya nini?

Nikanunua konvertisa, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri ya gari uwe kama wa nyumbani, nikamwambia Mzee kwamba kila Jumamosi asubuhi, kabla sijaenda kazini, nitakuwa nakuja kumwoshea gari. Mzee alifurahi mpaka akaniita mwanangu. Nilikuwa nafungua boneti, nabana waya kwenye betri, naunganisha konvertisa, naweka betri mbili za droni zijae, halafu kwa saa mbili nzima naosha gari ambalo halina hata vumbi la barabarani. Orlane aliniuliza injini inaoshwa ya nini wakati gari haliendi popote, nikamjibu kwamba unyevu wa ziwa unakula vyuma, akasema kweli we unatupenda, nikasikia aibu mpaka masikioni, lakini nilipochungulia nikaona taa tatu zimeshawaka, aibu ikapungua.

Jumamosi ya nne konvertisa ikaanza kulia, pii, pii, pii, nami badala ya kuizima nikaifunika kwa taulo na kuimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya juu ili Mzee asisikie. Mzee akatoka barazani akaitikia sauti ya besi.

Jumanne yake nikiwa kwao nakunywa chai, jirani akapita mbio akisema esansi imefika stasio ya chini. Mzee alitoka na kiatu kimoja, akaingia garini, akageuza ufunguo, gari likasema tk, basi. Na ni otomatiki, haiwaki kwa kusukumwa, ikabidi tulisukume mpaka stasio kwenyewe, Mzee kwenye usukani, mi na majirani nyuma, na mi ndiye niliyesukuma kuliko wote, mpaka watu wakasema kijana huyu ana moyo. Tulipofika yalibaki magari matatu mbele yetu, mhudumu akatundika bomba, mafuta yameisha. Tukalisukuma kurudi.

Ningeishia hapo Mama, lakini hapo ndipo tatizo linapoanza. Mzee alimwita Moubarak, fundi wa Buyenzi ambaye amelitunza gari hilo miaka na miaka na ndiye aliyemletea betri mpya mwanzoni mwa mwaka. Moubarak akapima, akasema betri imenyonywa mpaka chini, imekufa, kuna kitu kilikuwa kinainywa. Mzee akapandwa na hasira, akamwambia ameuziwa betri kuukuu iliyofutwa vumbi, na aliyasema hayo getini, na majirani wakatoka kuangalia.

"Batri ya miezi ine haiwezi kufa bure. We ni mwizi, Moubarak."

Moubarak aliinama tena kwenye betri, akapitisha kidole pale vibanio vyangu vilipokwaruza madini ya risasi ya vichwa vya betri mpaka yakang'aa, kisha akatazama begi langu begani, waya mwekundu ulikuwa unachungulia, kisha akanitazama mi. Na mi, Mama Daphrose, nikatazama kuku. Akajifuta mikono, akafunga boneti taratibu.

"Mungu anajua, Mzee. Nitakuletea ingine, hii naibeba mi mwenyewe."

Akaondoka. Tangu siku hiyo Mzee amemsimulia kila mtu, majirani wawili wameshaondoa magari yao kwake, na Jumapili tukitoka kanisani Mzee alinishika bega akaniambia watu waaminifu wamebaki wachache, na mi ni mmoja wao.

Dot yangu mwenyewe ni baada ya wiki tatu. Rafiki yangu Vainqueur ananishauri nikiri baada ya dot, kwa sababu binti akishatolewa hawezi kurudishwa kwa ajili ya betri. Mi nasema labda nikiri kabla, halafu nikifikiria uso wa Mzee naahirisha mpaka kesho. Niambie, kabla au baada? Na kama unajua umeme gani wa kubeba unafaa kwa droni nisaidie pia, maana Jumamosi nina kazi.

Ni mimi,
Mkwe Mwosha Gari, Mutakura

*

Mkwe Mwosha Gari,

Nimecheka, si uliniruhusu. Nilicheka kwenye sahani za pilau, nikacheka kwenye wimbo wa kwaya mpaka wenzangu ofisini wakaniuliza kuna nini. Nilipofika pale ulipotazama kuku niliacha kucheka, na mpaka sasa sijaendelea.

Tumalize kwanza la umeme maana ni dogo, ingawa wewe umelipatia nusu ya barua. Nimemuuliza bibi mmoja anayeuza vifaa vya sola hapa Rohero, anaitwa Olga, na alipomaliza kutikisa kichwa alinieleza hivi. Betri ya gari imetengenezwa kwa ajili ya kuipiga injini teke moja kubwa, basi, halafu injini ikishawaka inairudishia ilichotoa. Gari lililolala haliirudishii kitu. Wewe uliinywea wiki nne kama mtungi, na kila unapoifikisha chini inaumia, na mwishowe inakufa. Unachotaka ni betri ya sola ya lithiamu, ya kwako, ndani ya sanduku lenye mshikio, ambayo haiumii ikishushwa chini. Ijaze nyumbani kwenu umeme unapokuwepo, na usipokuwepo weka ile paneli juu ya bati la mama yako, ambako hakuna shangazi mwenye sahani. Tafuta chaja ya droni inayochomekwa moja kwa moja kwenye betri hiyo, maana konvertisa nayo inakula sehemu ya umeme njiani. Betri ya droni ikishuka ya moto, iache ipoe ndipo uichaji. Na kifaa kikilia, zima, hakilii ili ukiimbie.

Halafu, piloti, tua. Kwenye hotuba za ng'ombe na mvua hakuna haja ya kuruka. Mwombe mama mmoja wa upande wa binti akukonyeze binti anapovaa viatu, hapo ndipo upande juu. Betri mbili zitakutosha.

Sasa tuzungumze, mwanangu.

Moubarak alikuona. Alikuwa na ushahidi chini ya kidole chake na mwingine begani kwako, na neno moja lake lingemtoa yeye kwenye aibu na kukuingiza wewe. Alikuwa anatukanwa mbele za watu, na bado akafikiria kwamba wewe ni mchumba wa binti wa nyumba ile. Si ndugu yako. Hakuwa na deni na wewe. Akaubeba wizi wako akarudi nao Buyenzi, akaahidi na betri nyingine kwa gharama yake mwenyewe. Na wewe umeniandikia habari ya Orlane, umeniandikia uso wa Mzee, umeniandikia konvertisa. Kama Moubarak ana watoto wanaongojea magari yale mawili yaliyoondoka, hukuniandikia. Nadhani hata hujui.

Huyo Vainqueur wako akikushauri tena, msikilize kwenye habari za mpira tu. Ukingoja baada ya dot, siku hiyo msemaji wa ukoo wenu atasimama mbele ya watu wazima wa pande mbili aseme wewe ni kijana mwema uliyelelewa vizuri, na Mzee atapokea neno hilo na kunywea bia yake. Utakuwa umemfanya mtu mzima aseme uongo kwa niaba yako bila yeye kujua. Ndoa gani unataka kuanza hivyo?

Kwa hiyo ni kabla, na kabla yenyewe ni leo. Ukimaliza kusoma, nenda Buyenzi. Usibebe bia, Moubarak ni Mwislamu, na usibebe Fanta pia, huendi kusherehekea. Mwambie ulichofanya tangu Jumamosi ya kwanza, na usimuombe akuharakishie msamaha kwa sababu una tarehe. Akikutukana, sikiliza mpaka amalize. Muombe akuchagulie betri ya gari la Mzee, ilipie wewe, na kazi ya kuifunga umlipe kama mteja mwingine yeyote. Kisha mweleze Orlane, ukiwa umekaa naye uso kwa uso, asije akayasikia kwa baba yake. Atakasirika, na hasira yake ni haki yake, usianze kumwonyesha jinsi ulivyokonda. Baadaye utapita kwa wale majirani wawili, kila mmoja nyumbani kwake, na hutaondoka mpaka wajue magari yao waliyatoa kwa mtu mwaminifu.

Na Mzee mwenyewe je? Sitakudanganya, anaweza kukufukuza. Anaweza kuisogeza dot mpaka mwakani, anaweza kusema binti yake hatoki kwa mtu wa taulo na nyimbo. Mi ni mama mwenye mabinti watatu, na nikuambie lililo moyoni mwangu, mkwe aliyeua betri yangu ningemtafutia adhabu ndogo nikamsamehe. Mkwe aliyesimama akatazama kuku huku mtu mwingine akiitwa mwizi, huyo ningemwogopa. Bado una siku chache za kuamua wewe ni yupi.

Nakuona unavyopanga tayari. Utamvizia Mzee akiwa peke yake sebuleni, umnong'oneze, mkubaliane libaki ndani ya familia. Apana. Moubarak aliitwa mwizi getini, kwa sauti, majirani wakiwa wametoka nje. Toka na Mzee mpaka hapo hapo getini, ngoja majirani watoke, halafu kwa sauti ile ile useme mwizi ni wewe.

Mama Daphrose