Kinyozi Anayekata Nyasi kwa Mkasi

Bi Mwanatatu, shikamoo, na baada ya salamu naomba unisaidie, maana hapa nilipofika sina wa kumwambia, mama nikimwambia atanicheka, na majirani ndio hao wameshaanza.

Mimi naishi Utange, nyuma ya Bamburi, na mume wangu Suleiman, tuna nyumba yetu na uwanja ambao si mkubwa, lakini mvua ikinyesha kidogo tu nyasi zinafika magotini, na juzi ameonekana nyoka wa kijani karibu na kamba ya kuanikia nguo, kwa hivyo kukata si jambo la kupenda au kutopenda. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya ufuoni, zamu ya usiku, narudi asubuhi nalala mpaka adhuhuri, na mwenzangu ni kinyozi, anafungua duka baada ya swala ya adhuhuri na kufunga baada ya isha, kwa hivyo kazi zake zote za nyumbani ni za asubuhi. Na nyasi anakata kwa slasha, lile fyekeo la mkono, Bi Mwanatatu, na bega lake la kulia limekwisha. Nikimkanda kwa mafuta anauma meno. Mteja wake mmoja aliniambia kuwa siku hizi Suleiman anamwacha mtu kitini katikati ya kunyoa, upande mmoja umetoka na wa pili bado, akingoja mkono urudi. Kinyozi akikosa bega tutakula nini? Hilo ndilo linaloninyima raha, si nyasi.

Basi nikamwambia tununue mashine ya kukata nyasi, ya bei ya watu kama sisi, tukaenda dukani Mtamboni, muuzaji akatuwashia ya petroli, na Suleiman badala ya kuitazama akavuka barabara akasimama ng'ambo, mkono sikioni, nikadhani amepigiwa simu, aliporudi akasema, "Hii haitufai." Akawashiwa ya umeme, akavuka tena, akarudi, "Na hii haitufai." Sababu hasemi. Zamani alikuwa akija Dishon, yule anayekata bustani za hoteli, na mashine yake, lakini mwaka jana nilianguka kazini kwa kukosa usingizi, daktari akaniambia nisipolala mchana niache kazi, na baada ya hapo Suleiman akamkataza Dishon asije tena, nikajua anabana matumizi kwa sababu ya bili ya hospitali. Mwezi uliopita nikamwita Dishon mwenyewe bila kumwambia mume wangu, nikaenda kulala, na Dishon anasema alipoiwasha tu getini Suleiman alitoka mbio na kikoi chake, akaizima kwa mkono, akampa ujira wake wote na kumwambia aende zake. Lakini Jumanne, siku yetu sote ya mapumziko, nami usiku wa kuamkia siendi kazini, tukienda kwa mama Timbwani, huko anaazima mashine ya jirani na kumkatia mama uwanja mzima huku anaimba. Kwa mama mashine, kwangu hapana.

Kilichonimaliza ni Alhamisi. Niliamka kunywa maji, jua limeshapanda, nikachungulia dirishani nikamwona mume wangu amepiga magoti chini ya dirisha letu, miguu mitupu, anakata nyasi kwa mkasi. Mkasi wa dukani, Bi Mwanatatu, ule wa ndevu. Na Jalila wa jirani yuko kwenye seng'enge anatazama, kanga mdomoni. Nikarudi kitandani kwa haya. Nilipotoka adhuhuri Jalila akanidaka: "Mashaallah, mumeo siku hizi anaunyoa uwanja?" Na hapo hapo Suleiman akatokea, nikamwambia mbele ya Jalila kuwa ana mkono wa birika, kwamba yuko tayari bega liende kuliko shilingi itoke. Alitabasamu kidogo, akachukua mfuko wake akaenda kazini bila kunywa chai, na tangu siku hiyo ananiitikia salamu, basi.

Nina fedha yangu ya chama chetu cha kuchangishana. Nataka kwenda kimya kimya nikanunue ile ya petroli, yenye nguvu, nimwekee uwanjani aikute. Je, nifanye hivyo? Kama sivyo, ninunue ipi? Na mume bahili dawa yake ni nini? Nampenda, wallahi, ndiyo maana naandika.

Zuleikha, Utange

*

Marahaba, Zuleikha.

Barua yako nimeisoma nikacheka, nikaisoma tena kicheko kikaniisha. Mwanangu, wewe una usingizi mzito kweli, hata ukiwa macho.

Hebu tutazame ulichoniandikia. Bahili gani anamlipa mtu ujira wote kwa kazi ambayo hakuifanya? Na mashine ataikataaje mtu ambaye kutwa ameshika mashine vichwani mwa watu, na kule Timbwani anakata huku anaimba? Pale Mtamboni hakuwa na simu yoyote. Alivuka barabara akasikilize, apime kelele zitafika wapi kutoka uwanjani hadi kitandani kwako. Na Dishon alikatazwa lini? Umesema mwenyewe: ulipoanguka, na daktari akataka ulale. Tangu hapo nyumba yenu asubuhi haina kelele, na wewe hujajiuliza ni kwa nini. Slasha ina mlio mdogo, akaichukua hiyo. Chini ya dirisha lako hata slasha akaona inapiga kelele, akavua viatu, akapiga magoti, akatoa mkasi.

Bega la mumeo limeumia kwa ajili ya usingizi wako, Zuleikha. Nawe ukaamka umeshiba usingizi huo huo, ukaenda kumtukana mbele ya Jalila.

Utauliza mbona hakusema. Nadhani anakujua. Angesema, ungemwambia, "Wewe kata tu, mimi nitalala," na usingelala, na ungenyamaza hivyo hivyo mpaka uanguke tena. Lakini naye simwachi. Suleiman, ukisomewa gazeti hili hapo dukani: mke hawezi kukushukuru kwa jambo ulilomficha, na bega ukiliua kwa siri atakayelia ni huyo huyo unayemlinda. Nyote wawili mnapendana vizuri na mnazungumza vibaya.

Sasa tufanye kazi. Kwanza bega liende hospitali, wiki hii, liangaliwe na mtu aliyelisomea. Mafuta yako ni mazuri, endelea nayo, lakini hayatoshi.

Ya petroli iache dukani. Ni nzito, inatetemesha mkono mpaka shingoni, inataka kuchanganyiwa oili kila mara, na kelele zake zitakufikia hata ukilala kwa mama. Hiyo ni ya mashamba na vichaka. Ya betri ni nyepesi na kelele zake ni afadhali, lakini zile za bei ya chini betri yake haikai, na ukienda kutafuta nyingine utaambiwa bei inayokaribia ya mashine nzima. Nunua ya umeme, ya waya. Ndiyo rahisi kuliko zote, haina uzito, na kwa uwanja kama wenu inatosha. Usinunue kwa siri. Nendeni pamoja, aishike mwenyewe kwa mkono wake wa kulia kabla hujatoa pesa, na iwe na mkanda wa begani na mshikio wa pili unaosogezwa, mkanda auvae bega la kushoto, lile lisiloumwa. Uliza kama ule uzi wa nailoni unaokata nyasi unauzwa hapo hapo dukani. Muuzaji akijikuna kichwa, ondokeni. Ekstensheni iwe nene, ya kutumia nje. Nyasi zikiwa na maji msiziguse. Avae miwani na viatu vya kufunika vidole, siyo miguu mitupu ya mapenzi. Na zisingojwe mpaka magotini. Mvua ikiwazidi, mwiteni Dishon akate mara moja, wewe ukiwa macho, kisha nyinyi mwendelee kuzipunguza.

Utaniambia ya umeme aliikataa. Aliikataa kwa sababu ya asubuhi zako za kulala, na wewe unayo asubuhi moja usiyolala. Jumanne msikimbilie Timbwani alfajiri. Mpigie mama yako umwambie mtafika alasiri, hatakasirika akijua sababu. Uwanja ukatwe asubuhi hiyo, wewe ukiwa macho. Na mashine ya waya inataka mtu wa nyuma, anayeuinua waya usikatwe na kuusogeza mwenzake anapogeuka. Huyo ni wewe. Ndiyo maana nimeichagua, ukiacha bei.

Radhi usingoje Jumanne uiombe. Neno ulilitoa mbele ya Jalila, basi Jalila aitwe chai, na hiyo chai Suleiman ainywe kabla ya kwenda kazini, na useme mbele yao wote wawili kwamba ulikosea na kwamba sasa umejua mkasi ule ulikuwa wa nini. Jalila naye atapata la kupeleka kwa majirani.

Limebaki lile eneo la chini ya dirisha. Mashine isifike pale, inarusha vijiwe na kioo kitavunjika. Pale ni pa mkasi, na mkasi sasa ni zamu yako. Jumanne, mkishaswali alfajiri, mwambie arudi kitandani apumzishe bega. Chukua mkasi wake, vua viatu, pita nje upige magoti, ukate taratibu. Usimwamshe.