Sungura wa Bibi Kabula

Samuye, Jumamosi ya mwisho wa Juni, 1996

Leo upepo umevuma tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria ya uji. Nimekaa jikoni, mlango nimeufunga, sina hamu ya kuonana na mtu. Nimefanya jambo baya, na nataka kuliandika lote kabla sijaanza kujitetea.

Mimi ni mtu wa kushuku. Chumvi ikipungua kwenye kopo, tayari nina jina la mtu kichwani. Mtu akinisalimia kwa uchangamfu mno, najiuliza anataka nini. Pale shuleni wanafunzi wananiita Mwalimu Macho Manne, wanadhani sijui. Siku zote nimeona kwamba hiyo ndiyo akili.

Chanzo ni kunde. Nyuma ya nyumba nina matuta manne ya viazi vitamu, na pembeni nimepanda kunde ninazomwagilia kwa maji ya kubeba kichwani kutoka bombani. Majani yake ndiyo nsansa yangu: nayachemsha, nayaanika, nayala kiangazi chote wakati mboga mbichi haishikiki. Wiki tatu zilizopita nikakuta mistari miwili imekatwa, vishina vimebaki vitupu, na vinyesi vya mviringo chini yake. Sungura huyo.

Jirani yangu ni Bibi Kabula, mjane, anakaa peke yake. Ana sungura watano kwenye banda la mabanzi, aliletewa na binti yake aliyeolewa Chato. Basi nikaona mwizi nimeshampata.

Kumuuliza sikumuuliza. Nilikata matawi ya miiba, nikazungushia bustani yote, matuta na kunde pamoja, na kila tundu nikaliziba. Jioni nikanyunyiza majivu nje ya uzio ili nisome nyayo. Asubuhi majivu hayajaguswa, miiba haijasogea, na kunde zimekatwa tena. Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo.

Jamani, ningefikiri nini?

Nikaenda bombani. Kulikuwa na wanawake kama kumi kwenye foleni. Nikasema kwa sauti, tena nikicheka, "Sungura wa Bibi Kabula hawahitaji mlango."

Hakuna aliyecheka. Mama Shija, anayeuza maandazi karibu na shule, akaniuliza taratibu kama nimewahi kuyatazama macho ya yule bibi. Mekundu, akasema. Ni kweli ni mekundu, kwa sababu kuni hakuna na bibi anapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, moshi umemwingia miaka na miaka. Nalijua hilo vizuri, na pale pale ningeweza kulisema. Nikajitwisha ndoo yangu nikaondoka.

Kila mtu huku kwetu anajua maneno ya namna ile yanaishia wapi. Tumeshazika vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu tu, eti ni wachawi. Mimi ni mwalimu, siwezi kusema sikujua.

Wiki hii Bibi Kabula akifika bombani na kuwasalimu, mwangaluka, watu wanatazama ndoo zao. Wanampisha foleni nzima, na si kwa heshima. Juzi mtu alirusha jiwe juu ya paa lake.

Jana asubuhi akaja kwangu na tenga kichwani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kama kawaida, akalitua mlangoni. Sungura wote watano walikuwamo. Akasema niwachukue, niwachinje au niwauze, yeye anachotaka ni kulala bila kusikiliza mlango.

Nikawapokea. Niliona haya kidogo, lakini niseme ukweli, niliona pia kwamba nimeshinda. Nikawafungia stoo na kufuli nikaweka.

Leo asubuhi kunde zimekatwa.

Na nilichowaza kwanza, Mungu anisamehe, ni kwamba bibi amebakiza wa sita.

Saa nne nikaenda kuchimba viazi vya mchana. Nilipofunua marando kwenye tuta la tatu, kitu kikaruka nusura kinipige kifuani. Sungura wa porini, mkubwa, wa kijivu. Akazunguka ndani ya uzio akitafuta pa kutokea, hapati, maana mimi fundi nilikuwa nimeziba kila tundu. Chini ya marando kulikuwa na kitanda chake, na watoto wawili waliokwisha kunona kwa kunde zangu. Alikuwa humo humo siku niliyojenga uzio. Nimemfungia mwizi ndani pamoja na chakula chake, halafu kila asubuhi nakagua nyayo nje.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kila mwaka naiandika ubaoni kwa mwandiko mzuri, darasa la tano wanakariri.

Nikavuta tawi linaloziba mlango wa uzio, wakatoka mbio wote watatu kuelekea mbugani. Kisha nikawatoa wale watano stoo, nikawabeba kwenye tenga lao mpaka kwa Bibi Kabula, nikapiga magoti, nikamweleza kila kitu, hata la bombani. Alikuwa anachambua choroko kwenye ungo, na hakuacha. Nikamwomba ahamie kwangu mpaka mambo yatulie. Akakataa, akasema akihama watasema amekimbia. Hapo nikalia. Yeye hakulia.

"Mjukuu wangu, mimi usiniambie," akasema. "Mimi nilikuwa najua. Kawaambie wao."

Na hapo ndipo ninapoogopa. Wale wanawake nawajua, kwa sababu mimi ni mmoja wao. Nikisema nimekuta sungura wa porini, Mama Shija atauliza kamtuma nani. Nikisema nilikosea, watauliza bibi kanilisha nini. Ningekuwa kwenye foleni, ningeuliza hivyo hivyo. Ushahidi wenyewe nimeufungulia mlango ukaenda zake porini.

Kesho ni Jumapili, na kabla ya misa bomba hujaa. Nitampitia Bibi Kabula kwake, twende pamoja, nisimame nyuma yake kwenye foleni, karibu kabisa, wote waone. Nitasema kwa sauti ile ile niliyoitumia siku ile, ila sitacheka. Wasiponiamini nitasema tena Jumatatu, na Jumanne, mpaka wanichoke mimi na kumwacha yeye.