Ushanga kwenye kifuniko cha mvuke

Gülçin, nimejifungia chooni hapa kiwandani. Usipige, soma tu.

Lile lori la petroli tulilolimwagia maji nyuma jana, liende salama lirudi salama? Limerudi! Bohari wamelikataa. Mvuke wa petroli unavuja kwenye kifuniko cha bomba la mvuke, juu ya tangi. Dereva kaanguka kwa kizunguzungu, yuko hospitali, ila anaongea.

Ni mimi, shoga. Ni mimi!

Tulipolipima halikuvuja hata kidogo. Kisha nikalifungia pale juu ule ushanga wa buluu wa kukinga kijicho. Leo nimepanda kukagua, nakuta uzi wake umebanwa na kifuniko, hakikuziba. Uzi tu! Nimeuchomoa, nikautia mfukoni na ushanga wake.

Nashuka, nakuta meneja anamfokea fundi Rıfat, aliyelichomelea tangi, mbele ya watu: "Mzee, macho yamekwisha! Kazi ya kuchomelea sasa imetosha, nenda nyumbani!" Mzee wa watu kainama. Mimi kimya. Kimya, Gülçin!

Halafu mzee kanifuata, kanishika mkono: "Binti yangu, bila ushanga wako lingelipuka. Hebu nifungie na mimi mmoja, naona nimepatwa na kijicho."

Nimemfungia.

Ule ule.