Maziwa Niliyompa Deqa

S.L.P. 214,
Isiolo.
16 Novemba, 1986.

Mpendwa mdogo wangu Dahir,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, mkeo Umulkheir na mtoto wenu Abdinur, ambaye naambiwa sasa anakimbia na kuvunja vyombo. Kifua chako kimetulia na baridi ya huko Cardiff? Unaivaa ile sweta nyeusi, au bado unaona haya kwa sababu niliifuma mikono mirefu? Sisi tunapumua, Alhamdulillahi. Mvua ilinyesha juma lililopita, na mtaa wetu wote wa Wabera sasa ni matope na inzi.

Barua yako ya Septemba ilifika. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka. Unasema dada yetu Deqa ni mlafi. Unasema ulihangaika miaka miwili kumpata yule daktari wa kupasua tumbo, ukamweka kwako miezi minne, ukamuuguza kwa mikono yako mwenyewe, naye akarudi nyumbani akala mpaka akaharibu yote. Unasema hutamwandikia tena. Nimeikwepa kalamu wiki sita, Dahir. Leo nimeishika kwa sababu hasira yako imemfikia asiyestahili.

Kwanza habari ya mguu. Jumanne ya wiki jana Deqa alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Kidonda kilianza na jiwe dogo lililoingia kwenye kiatu, naye akatembea nalo siku nzima bila kulihisi. Daktari anasema sukari isiposhuka, mguu wenyewe utakatwa chini ya goti. Yuko kwangu, amelala kwenye kitanda cha marehemu mama. Anaomba msamaha kwa kila mtu, hata kwa muuguzi anayembadilishia bendeji.

Unakumbuka alivyokuwa kabla hujamchukua. Mizani ya zahanati haikuweza kumpima, ikabidi mumewe Robow ampeleke kwenye ghala la ngozi akapimwe kwenye mizani ya ngozi za ng'ombe. Watu wakacheka, naye akacheka nao. Alipofika nyumbani alilia mpaka akashindwa kupumua.

Basi aliporudi Juni ya 1984 sikumtambua. Alishuka kwenye gari nguo zikimpwaya, shingo imetoka. Ukweli ni kwamba alikuwa mzima. Vidonge vya sukari alikuwa ameachishwa, kiu ilikuwa imemwacha, na alikwenda sokoni na kurudi bila kuomba kiti. Nilikuwa na macho, lakini hayo sikuyaona. Ule ulikuwa mwaka wa ukame. Huko Oldonyiro mizoga ilijaa kila mahali, na watu waliingia mjini wakiwa mifupa. Kila aliyekonda tulimhesabu mgonjwa au mwenye njaa. Wanawake walikuja kumsalimia, wakamshika mkono, kisha wakanitazama mimi. Mmoja akaniuliza, "Habsa, kwani huko Ulaya walimnyima chakula? Ama ni kifua?" Hata Robow, aliporudi na lori kutoka Moyale, alinivuta kando akaniuliza, "Huyu kweli atapona?"

Deqa alikuja na karatasi ya maagizo ya daktari wako. Hajui kusoma, unajua mama alimtoa shule akubebe wewe mgongoni. Alinipa mkononi, akasema mimi ndiye nitakayekuwa nikimwongoza. Kiingereza cha karatasi ile kilinishinda, nikaipeleka kwa Mwalimu Salesio, yule Mmeru anayekaa karibu na msikiti. Alinisomea polepole na kunifafanulia kila mstari. Kwamba tumbo la chakula limebanwa kwa pini ndogo za chuma, likabaki na nafasi ya vijiko vichache tu. Ale kidogo, atafune sana, nyama ngumu aiache. Na mstari wa mwisho ulikuwa umepigiwa wino mwekundu: maziwa ya sukari, soda, chai tamu na mafuta ya kunywa asipewe kabisa, maana vitu hivyo hupita kwenye ule upenyo bila kuzuiwa, na unene hurudi pamoja na ugonjwa wake.

Mwalimu alinitaka nirudie yote, nami nikarudia vizuri kama mtoto wa darasa la pili. Nikaenda nyumbani nikamwambia Deqa habari ya vijiko na nyama. Ule mstari mwekundu sikumwambia. Mwalimu alisoma onyo, mimi nikasikia kwamba kuna njia iliyo wazi.

Haya ni mazito kuyaandika, lakini nitayaandika. Gumato, yule mama wa Kiborana aliyekuwa akituletea maziwa ya ngamia hata kabla hujaondoka, aliniwekea chupa moja kila asubuhi, na mwaka ule maziwa yalikuwa ya kutafutwa. Niliyachemsha na sukari. Nikatia kijiko cha samli niliyoiweka kwenye kopo kuukuu la mafuta ya Kimbo, mara nyingine viwili. Kisha nikayamimina kwenye kibuyu nilichokifukiza kwa mkaa, ili moshi uzime ile harufu ya samli. Nilimpa kikombe kimoja, saa ikipita nikampa kingine. Nikamwambia ni maziwa matupu, ya kumtia nguvu. Hakutapika hata siku moja, nami nikajiona nimemshinda daktari kwa akili.

Mwaka ulipoisha mashavu yalikuwa yamerudi. Wanawake wale wale wakanisifu, na nikazipokea sifa zao. Wewe unajua tulivyolelewa. Kwetu binti mwembamba ni aibu ya mkono unaomlisha, na tangu mama afariki mkono huo ni wangu. Kisha mvua ikarudi, maziwa yakawa mengi, na vikombe vikaongezeka. Alipoanza tena kulalamikia kiu, nilimwongezea maziwa. Alipoanzishiwa vidonge tena nilipunguza sukari, lakini samli sikuiacha. Mwalimu Salesio alinikuta njiani akaniuliza imekuwaje, nikamjibu kwamba Mungu ndiye ajuaye. Nililitumia jina la Mungu kufunika sufuria yangu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, aliyeharibu kazi yako ni mimi. Deqa alikula vijiko vyake vitatu vinne kama alivyoagizwa, wala sijamwona akigusa nyama. Ukitaka kunyamaza, ninyamazie mimi, nastahili. Lakini yeye mwandikie. Kila Ijumaa anamtuma mtu posta, na akirudi mikono mitupu anasema labda ndege zimechelewa. Na nakuomba umuulize yule daktari wako kama zile pini bado zimeshika, na kama akifuata maagizo sasa bado kuna la kuokoa. Mimi sina uso wa kumuuliza. Uliza wewe, upesi, kabla ya mguu.

Deqa mwenyewe sijamwambia. Nimemsikia akijilaumu miezi yote hii nami nikimpangusa jasho, nikanyamaza. Kabla sijaifunga bahasha hii nitakaa kitandani kwake nimsomee yote. Nikishindwa, hutaipata.

Nisalimie sana Umulkheir, na umbusu Abdinur mashavu yote mawili. Robow anakusalimu. Gumato naye anauliza utarudi lini, anasema maziwa yako anakuwekea. Mwenyezi Mungu akulinde baharini na nchi kavu, na akupe moyo mpana kuliko wangu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na niliyekukosea,

Habsa.

Nyongeza: Nimemsomea. Alisikiliza akitazama ukuta. Nilipomaliza akasema, "Abaayo, dada yangu, wewe ulifikiria mimi sijui samli? Siku ya kwanza nilijua. Na hiyo laini nyekundu, Dahir alinisomea huko huko kabla nipande ndege."

Nikamuuliza kwa nini basi alikunywa. Akasema, "Si ulikuwa unasimama hapo mlangoni na kikombe, unaniangalia vile mama alikuwa ananiangalia. Ningekataa aje? Ndio maana nilikupa hiyo karatasi, ndio wewe ukatae kunipa. Mimi kukataa mkono wako siwezi."

Dahir, kila kikombe alikimaliza, akijua, ili mimi nisiumie. Tulilia wote wawili. Baadaye nikampikia chai ya rangi, bila sukari. Alikunywa nusu, akaniambia imetosha. Tangu nianze kumlea, ni mara ya kwanza kunirudishia kikombe kikiwa na kitu ndani, nami nimekipokea.