Mita Mia Tatu Kusini

Dodoma, Jumapili, 12 Septemba 1999.

Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia hadi ndani ya kabati la vitabu. Sikwenda kanisani. Nimekaa mezani na ramani, rula na kile kifaa cha setilaiti, na kwa mara ya kwanza tangu nikipate natamani nisingekipata.

Mwezi huu inatimia miaka thelathini na minne tangu nilipotoka Ifakara. Nimeizoea hesabu hiyo, huongeza mmoja kila Septemba. Mwaka huu imenishinda kuiandika bila kuandika na hili lingine: dada yangu Tekla amezikwa peke yake katika shamba la mtu asiyemjua, na aliyempeleka pale ni mimi.

Wala hajui. Alikufa akiamini atalala karibu na mama.

Niandike kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa kazini.

Miaka mitano iliyopita mzungu mmoja wa mradi wa visima alimaliza mkataba wake akaniachia kipokezi chake cha setilaiti, kwa sababu nilimsaidia kusoma ramani za zamani. Ni kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Kinameza betri nne kwa siku. Ukisimama nacho mahali peupe kinakuandikia namba za pale uliposimama, na ukikipa namba za mahali pengine kinakuonyesha mshale wa kukufikisha.

Mimi na jirani yangu, Bi Rehema, mwalimu mstaafu wa jiografia, tukakitungia mchezo. Mmoja anaficha mkebe wa maziwa ya unga kwenye mawe ya vilima vya hapa Dodoma, na ndani yake kuna daftari na penseli. Anasubiri namba zitulie, anaziandika kwenye karatasi, anamletea mwenzake karatasi pamoja na kifaa. Wa pili anakwenda kusaka. Akiupata mkebe anatia sahihi, tarehe na neno moja au mawili. Mwalimu huniandikia matusi ya heshima. "Mzee Batista amepumzika mara nne kabla ya kufika, mawe yametoa ushahidi."

Wastaafu wengine hucheza bao. Sisi tunasaka mikebe.

Mkoba wangu wa safari ninaujua kwa kupapasa. Dira. Ramani ndani ya nailoni. Rula ya kusomea gridi. Betri nne za akiba zilizofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kamba ya mita thelathini, filimbi, chupa ya maji. Nikiupanga usiku wa kuamkia safari najiona kijana wa ofisi ya ramani tena, anayengoja gari la kwenda nyikani.

Ni mkoba huo niliokwenda nao Ifakara mwaka jana.

Kwetu ni ng'ambo ya mto, pembeni ya njia ya Malinyi, kwenye tambarare linalofunikwa na maji kila masika. Mama alizikwa hapo, nyuma ya jiko, mwaka mmoja kabla sijaondoka. Baadaye watu walihamishiwa vijijini, nyumba zikavunjwa, pakabaki mahame. Msalaba wa mti uliliwa na mchwa. Mafuriko yakalaza tuta la kaburi. Yakaja matrekta, ikaja mifugo, mti wa mwisho ukageuzwa mkaa. Mpwa wangu Kastori, mtoto wa Tekla, alikwenda mara mbili kutafuta akarudi na matope tu.

Lakini mimi nilikuwa na ramani. Nilipoajiriwa ofisi ya ramani, karatasi ya bonde letu ilipita mezani kwangu. Picha za ndege zilionyesha nyumba zetu tatu na kijia cha mtoni. Nilivichora vile vitone vitatu vyeusi kwa mkono wangu, kwa kalamu nyembamba kuliko zote, na sikumwambia mtu kwamba pale ni kwetu. Nakala ya karatasi hiyo nimehama nayo mikoa mitano.

Tekla alikuwa ananiandikia, kwa mkono wa Kastori, jambo moja kila mwaka. Yeye alikuwa mkubwa wangu kwa miaka saba, macho yote yalikuwa na mtoto wa jicho. Hakutaka pesa wala nguo. Alitaka mama awekewe msalaba, halafu siku yake ikifika alazwe ubavuni pake. Mama alikuwa na watoto wawili tu waliokua. Mmoja aliondoka. Aliyebaki hakutaka kulala mbali naye.

Kwa hiyo nilipanga safari ile kwa uangalifu kuliko safari yoyote ya mikebe. Nilipima vitone vyangu kwa rula na kioo cha kukuzia, nikasoma namba mara tatu siku tatu tofauti, nikaziingiza kwenye kifaa. Nilichagua Septemba, njia zikiwa kavu. Basi hadi Morogoro, basi jingine kupitia Mikumi na Kidatu, na vumbi lile jekundu la kuingia Ifakara ambalo nilikuwa nimelisahau lilivyo laini. Nilifikia kwa Tekla, mtaa wa Viwanja Sitini. Nilimwamkia shikamoo nikiwa bado mlangoni. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaupapasa hadi masikioni.

"Umezeeka vibaya," akasema. "Marahaba."

Kesho yake tulivuka kwa pantoni. Ng'ambo tulipanda pikapu, kisha Kastori akambeba mama yake nyuma ya baiskeli hadi tambarare lilipoanza. Mimi nilitangulia na kifaa mkononi.

"Batista, hicho kiredio chako hakina hata wimbo?"

"Hiki kinaongea na setilaiti, dada."

"Basi kiulizie huko juu kama mama hajambo."

Kastori alicheka hadi baiskeli ikayumba. Nami nilicheka. Nilikuwa na furaha siku ile. Ni lazima nikiri hilo, kwa sababu ndiyo furaha iliyonifanya kiziwi.

Mshale ulitufikisha katikati ya shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa. Nilijua kwamba wenye setilaiti wanapotosha namba kwa makusudi, hata mita mia, kwa hiyo nilikaa pale saa nzima nikichukua vipimo na kutafuta wastani. Nilijivunia uvumilivu wangu. Kisha nikahesabu hatua ishirini mashariki, toka jikoni hadi kwa mama, nikachomeka fimbo.

Tekla alishuka kwenye baiskeli. Alivua kandambili akasimama peku.

"Hapa sipo," akasema.

"Ndipo, dada."

"Kwa mama mtu akisimama anasikia maji. Hapa nasikia upepo tu."

"Mto umehama. Mafuriko ya miaka mingapi hayo."

"Mto umehama." Alikanyagakanyaga. "Na udongo nao umehama? Huu ni mchanga. Kwetu palikuwa na udongo mweusi, jembe linanata, baba anatukana."

Mwenye shamba, aliyekuwa amekuja kutuona ni akina nani, akasema kwa adabu, "Babu, mimi nimelima hapa miaka minane. Sijakuta hata kigae cha chungu."

Nilimjibu kwamba mafuriko huleta mchanga na kufukia kila kitu, vigae na udongo mweusi pamoja. Nilisema vizuri. Nilikuwa na jibu kwa kila mtu.

Tekla aliinua kidevu akaelekeza upande wa kusini, ambako kwa macho yale hakuweza kuona chochote.

"Mimi ningeachiwa ningekwenda kule."

"Dada, kule ni mbali mno na vipimo."

Akavaa kandambili zake.

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Mwenye shamba alikubali kutuachia kipande cha ukubwa wa chumba. Tuliweka msalaba wa mninga ambao Kastori aliuchonga. Tekla alipiga magoti, akanyunyiza unga na maji, akamweleza mama habari za miaka yote, nani kazaa na nani kafa, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani juu ya ua. Tukasali Baba Yetu. Wakati wa kurudi, kwenye pantoni, alilala begani kwangu kama mtoto.

Alifariki Julai mwaka huu. Simu ya maandishi ilinifikia siku ya tatu. Walimvusha na jeneza lake kwa pantoni, wakamzika kushoto kwa msalaba, kama alivyoagiza. Kastori aliniandikia kwamba kaburi la mama yake limekaa vizuri na kwamba mwakani, mvua zikiisha, niende tujengee yote mawili kwa saruji. Akaongeza: "Mjomba, na nafasi yako ipo. Tumekuachia kulia kwa bibi."

Barua hiyo niliisoma mara nyingi. Ilinifariji sana, hadi jana.

Jana Mwalimu Rehema aliamua kunikomesha. Aliuficha mkebe bila kutumia kifaa. Alipanda kilima chenye nguzo ya upimaji, akasoma namba kutoka kwenye ramani ya karatasi kwa macho na rula tu, akanipa. Nilikwenda na mshale wangu. Saa mbili nzima nimegeuza mawe ya upande wa kaskazini hadi kucha zinauma. Yeye alikuwa amekaa juu, upande wa pili, anamenya chungwa.

"Mzee Batista, unachimba viazi huko?"

"Umekosea kusoma, Mwalimu."

"Mimi? Nimefundisha gridi miaka thelathini. Lete hicho kidude." Alikichukua akabonyeza kurasa ambazo mimi sizifungui. "Hiki umekiambia kihesabu kwa ramani ipi?"

Nilisogea nikachungulia.

Kila ramani ina mahali inapoanzia kuhesabu. Ramani zetu za Afrika Mashariki zina msingi wake wa zamani, setilaiti zina wa kwao wa dunia nzima, na namba zilezile kwenye misingi miwili si mahali pamoja. Ni lazima ukiambie kifaa. Katika mchezo wetu haikuwa na maana, kwa kuwa namba zilitoka kwenye kifaa na kurudi kwenye kifaa. Vitone vyangu vilitoka kwenye karatasi.

Mwalimu alibadili msingi. Mshale ukageuka polepole, ukatazama kusini.

"Mita mia tatu na kitu," akasema akicheka. "Mchora ramani mzima."

Nilikaa chini. Alidhani ni jua, akanipa kipande cha chungwa. Mkebe sikuutia sahihi.

Hili sikulikosea kwa kutojua. Nililijua. Niliwafundisha vijana waliokuja ofisini. Lakini miaka yote ile nilifanya kazi ndani ya msingi mmoja, kama mtu aliyezaliwa na kukulia katika nyumba yenye saa moja, na sikuwahi kulazimika kuuliza kama kuna saa nyingine. Na siku iliyohitaji niulize, palikuwa na mtu pembeni yangu, amesimama peku, ananiambia.

Asubuhi hii nimerudia hesabu kwa mkono. Mita mia tatu kusini, na kama tisini mashariki. Nimeweka rula juu ya karatasi. Inaangukia kwenye ukingo wa kijito cha pembeni, kile tulichokuwa tunachota maji. Mto mkubwa labda umehama. Kijito nina hakika kipo.

Nilijaribu kujidanganya. Nikasema ardhi ni ileile, maji ya masika yakija huwafunika wote wawili kwa siku moja. Nikasema Tekla hajui tofauti. Halafu nikakumbuka alivyompa mama habari za kila mtu kwa majina, na kwamba pale chini palikuwa na mchanga mtupu.

Ningeweza kunyamaza. Mwakani wangejenga kwa saruji, wajukuu wangezoea, na hakuna ambaye angepima tena. Nimeliwaza hilo tangu asubuhi hadi chai imepoa.

Nimemwandikia Kastori. Kurasa mbili, bila tarakimu nyingi. Nimemweleza kosa ni la nani. Nimemwambia asimame kwenye msalaba jua likichomoza, alipe bega la kushoto, atembee hatua mia nne, kisha aligeukie jua tena ahesabu mia na ishirini, halafu aache kuhesabu. Aende na mama mzee yeyote wa zamani aliyebaki kijijini, amfuate huyo. Akikuta udongo mweusi na vigae, asitie saruji kabla familia haijakaa. Kama watamhamisha Tekla au watampelekea mama msalaba wa pili na kuwaacha walivyo, wataamua wao. Waliobaki ndio wanaojua kuishi na makaburi yao. Mimi nimekwisha kuamua mara moja kwa ajili ya wote.

Nimemwomba pia jambo la mwisho. Ile nafasi ya kulia asiniwekee. Pale hakuna bibi, na mwenye shamba arudishiwe ardhi yake alime mpunga. Ikiwa mama atapatikana, nafasi iliyo ubavuni pake ni ya Tekla, aliyeiomba kila mwaka. Mimi sikuwahi kuiomba.

Kifaa nimekitoa betri. Kesho nitampelekea Mwalimu, pamoja na barua ya kutia posta kwa sababu yeye hupita mjini mapema. Magoti yangu yangeweza safari moja zaidi, daktari amesema hivyo. Si magoti yanayonizuia.

Nitazikwa hapa Dodoma. Ifakara sitarudi.