Mpaka wa Mama kwa MB Ishirini

Jumatatu, 2 Juni 2025
Ieleweke kwa wananchi wote, wa Katoro na wa nje ya Katoro: leo saa nne asubuhi simu yangu imejaa. Hakuna majeruhi. Inakataa hata picha ya mbuzi wa shemeji.

Mke wangu Justa kaniambia nisije nikafuta video ya mama yake. Kama vile mimi mwehu. Aliichukua Januari kule Ushirombo — mama mkwe anatembea mpakani mwa shamba lake, anaonyesha ule mstari wa minyaa, mche kwa mche. Februari jirani yake Sostenes akaing'oa minyaa yote. Pasaka mama akapata kiharusi, hasemi tena. Kwa hiyo shahidi aliyebaki ni simu yangu. Baraza la kata wanataka kuiona Jumatatu ijayo.

Nitaihamishia kwenye flashi ya kwaya.

Jumanne, 3 Juni
Steshenari, kwa Rhoda. Video ina MB 900. Flashi imebakiza GB 2. Mia tisa iingie kwenye mbili? Kichwa kikazunguka.

Nikarudi kwenye mizani yangu. Miaka kumi na tisa nanunua dhahabu ya wachimbaji wadogo: gramu moja ni pointi kumi. Kubwa moja, ndogo kumi. Basi GB mbili ni MB ishirini. Nikamwambia Rhoda aiminye ifike ishirini, kisha ile ya kwenye simu aifute. Tumemaliza.

Jumatano, 4 Juni
Simu nyepesi. Nimemwaga hadi kapu la vilivyofutwa. Najiona msomi.

Ijumaa, 6 Juni
Nimeifungua kwenye runinga. Mama ni doa la bluu linaloelea kwenye uji wa kijani. Minyaa sioni. Mpaka sioni. Sauti tu ndiyo safi.

Justa kauliza kuna nini. Nimesema flashi ina virusi.

Mbio kwa Rhoda. Kwenye kompyuta yake haipo, hatunzi mafaili ya wateja. Kapu la simu tupu — nani alilimwaga? Kaniandikia kwenye karatasi: GB 1 ni MB 1,024. Yaani video ingeingia mara mbili na chenji ikabaki. Hiyo ishirini na nne ya nini? Kasema hata yeye hajui, ndivyo ilivyo. Na flashi imeandikwa 16, kompyuta inasoma 14.9. Kwenye mizani yangu huo unaitwa wizi.

Jumapili, 8 Juni
Ushirombo, baada ya misa. Nimemwambia Justa. Na hapa niandike kama ilivyokuwa.

Virusi hakuna. Rhoda aliniambia mapema: Baba Nelly, hii mbona inaingia nzima. Nikamuuliza yeye kashika mizani lini. Wateja wakacheka, nami nikanogewa. Kabla ya kufuta aliniuliza mara mbili. Mara ya pili nilisita kidogo. Lakini watu walikuwa bado wanacheka.

Justa hakunifokea. Kauliza GB mbili ni MB ngapi. Nikamwambia. Na ya mama ilikuwa ngapi? Nikamwambia. Heri angenifokea.

Kisha kaenda kumchezea mama ile iliyobaki, Rhoda alinirudishia kwenye simu. Sauti yake ya Januari ikajaa chumba: mpaka unaanzia hapa. Unakuja hapa. Unakata hapa. Nimehesabu — hapa kumi na moja, na hatuoni hata moja.

Baraza ni kesho saa tatu.

Mama kautazama uji wa kijani mpaka ukaisha. Sasa anaisukuma simu pembeni kwa mkono wa kushoto, ule mzima, anaonyesha mlango. Justa kasema mama anataka shambani. Nimemkumbusha kwamba minyaa haipo. Kasema mashimo yake yapo.

Simu yangu ina nafasi tele. Justa ananiita nishike upande wa pili wa kiti, tumbebe mama —